RAM, SSD au kadi ya grafiki? Ulinganisho kwa wenye desktopu za mtumba, hasa tuliopo Tabora

Wakuu, hili swali huku Tabora linaulizwa kila leo: "Kaka nina hela kidogo, niongeze RAM, niweke SSD au nitafute kadi?" RAM ni kumbukumbu ya muda ya mashine, SSD ni diski ya kisasa isiyozunguka, kadi ya grafiki ndo inachora picha. Ukimuuliza mtu mashine yake inasumbua nini anakujibu gemu inaganda, basi. Sasa inaganda vipi? Maana hivi vitu vitatu havitibu ugonjwa mmoja, na sisi tuliopo mbali na Kariakoo ukiagiza kitu kisichoingia kwenye mashine yako kifurushi kinapanda basi kurudi Dar kwa nauli yako, na muuzaji akikataa kukipokea imekula kwako. Ndo maana nataka tulinganishe vizuri kabla hela haijatumwa.

Naongelea mashine ambazo ndo zimejaa majumbani, zile desktopu za maofisi ya Ulaya zilizokuja mtumba, Dell OptiPlex 7010 na 9020, HP EliteDesk 800 G1 na ndugu zao, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha tatu au cha nne, RAM GB 4, hadi diski (hard disk) ya GB 500, kadi hamna. Ni mashine imara sana hizi, prosesa zake bado zinabeba gemu nyingi, zinachokosa ni vitu vya pembeni. Kama una laptopu sehemu kubwa ya haya haikuhusu, kwa sababu kwenye laptopu nyingi kadi haibadilishwi.

Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua nimesimamia wapi: kwa ajili ya GEMU (sio kazi za ofisi), anza na usafi na joto, halafu RAM, halafu kadi, SSD iwe ya mwisho. Najua wengi watabisha hapo kwenye SSD, nitaeleza.

Kwanza jua inaganda vipi

Fungua gemu, cheza kama nusu saa hivi ukiangalia. Kama picha inakatakata tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kiwango kilekile, shida ni grafiki. Kwenye PES (gemu ya mpira) utaijua haraka kwa sababu fremu (picha kwa sekunde) zikipungua sana mechi yenyewe inakuwa slow, wachezaji wanakimbia kama wako ndani ya maji na saa ya mechi inajikongoja. Kama inaenda vizuri halafu ghafla inasimama nusu sekunde, sekunde, taa ya hadi diski pale mbele ya keisi inawaka bila kupumzika, halafu inaendelea, hiyo mara nyingi ni RAM imejaa na Windows inahamishia mizigo kwenye diski. Kama inaanza freshi ila baada ya dakika ishirini inachoka, na feni inaunguruma, hilo ni joto. Na kama tatizo lako ni kusubiri tu ramani ifunguke, ukishaingia mambo safi, hapo ndo diski.

Uthibitisho upo ndani ya Windows yenyewe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, inafunguka Task Manager, nenda sehemu ya utendaji uangalie RAM imefika asilimia ngapi na diski ikoje wakati gemu ipo nyuma inaendelea. RAM ikiwa juu ya asilimia 90 huku diski iko 100 jibu umelipata bila kumlipa fundi. Kwa joto shusha programu ya bure inaitwa HWiNFO, ni ndogo haili bando.

Usafi dhidi ya kununua chochote

Hii wengi wanairuka kwa sababu haina kitu kipya cha kuonyesha mezani, ila kwa mazingira yetu ndo ina faida kubwa kuliko hela inayotumika. Huku kiangazi kinaanza Mei huko mpaka Oktoba, mvua hamna kabisa, upepo unapiga, barabara za mitaani nyingi ni za udongo, pikipiki moja ikipita vumbi lote linaingia dirishani na kompyuta inalivuta kwa feni zake masaa yote. Mashine ambayo haijafunguliwa mwaka mzima ukitoa mfuniko unakuta juu inaonekana safi tu, kumbe uchafu uko chini ya feni ya prosesa. Ile feni toa skrubu zake, inyanyue, utaona katikati ya yale mabati membamba ya aluminiamu kumejengeka blanketi la vumbi, limeshikana kiasi kwamba unaweza kulitoa kwa vidole kama kipande kimoja. Hewa haipiti hapo hata kidogo, feni inazunguka bure.

Prosesa za Intel zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguza mwendo zenyewe ili zisiungue, yaani una i5 lakini inafanya kazi chini ya uwezo wake, na hapo hata ukiweka kadi ya bei gani gemu itakatakata tu. Sasa linganisha, usafi ni brashi ya rangi mpya kavu, pampu au bloa ya fundi, na pesti ya prosesa (ile krimu ya kupitisha joto) kidogo. Ukipuliza feni ishike na kidole isizunguke, ikizungushwa kasi na upepo inaharibika. Pesti ya zamani kwenye mashine za 2012 na 2013 unaikuta imekauka imekuwa unga, ifute kwa spiriti na kitambaa laini, weka mpya kidogo katikati, rudisha feni na kaza skrubu kwa mshazari, hii kidogo na ile ya upande wa pili kidogo, usikaze moja mpaka mwisho kwanza.

Pia usiweke keisi chini sakafuni, na usiifunike na kitambaa cha kudariziwa ikiwa imewashwa, naona sana hii sebuleni kwa watu, mama anaitandika vizuri kama redio na mashine inakosa pumzi. Septemba na Oktoba joto la hapa mjini linatosha lenyewe.

RAM: moja ya GB 8, au mbili za GB 4?

Hapa pana kitu ambacho wauzaji wengi hawakiambii. Mashine isiyo na kadi inatumia grafiki ya ndani ya prosesa, i5-3470 ina HD Graphics 2500 na i5-4570 ina HD 4600, na hiyo grafiki haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye RAM yako. Kwa hiyo kwenye mashine ya namna hii RAM sio ukubwa tu, ni na upana wa njia. RAM moja ya DDR3 (aina ya RAM ya mashine hizi) ya 1600 inapitisha kama GB 12.8 kwa sekunde. Ukichomeka mbili zinazolingana kwenye sloti za jozi, njia zinakuwa mbili, inafika GB 25.6. Umeongeza upana mara mbili bila kugusa kitu kingine, na grafiki ya ndani inapumua, tofauti unaiona kwa macho kwenye gemu.

Kwa hiyo mtu mwenye kipande kimoja cha GB 4 akiniuliza atoe aweke kimoja cha GB 8 au aongeze cha pili cha GB 4, namwambia ongeza cha pili, tena ni bei rahisi zaidi. Hela ikiruhusu weka viwili vya GB 8 upate 16, ila kwa gemu za mashine hizi 8 inatosha, hata GTA V iliyotoka kwa PC mwaka 2015 ilipendekeza 8. Kutoka 4 kwenda 8 ni maisha mapya, kutoka 8 kwenda 16 utaisikia kidogo tu, labda uwe unafungua Chrome yenye kurasa thelathini huku unacheza.

Tahadhari za RAM ni hizi na nazirudia kwa kila mtu. DDR3 haiingii sloti ya DDR4, mkato wake uko sehemu tofauti, usilazimishe. Ya laptopu ni fupi, haikai kwenye desktopu. Zile za seva zinauzwa bei chee na zinaonekana sawa kabisa kwa macho, hazifanyi kazi kwenye mashine hizi. Na kuna DDR3 za GB 8 za bei ya kushangaza ambazo zinakubali mashine za AMD tu, ukichomeka kwenye Intel inapiga mlio au skrini inabaki nyeusi, hizo zimewaliza watu. Kama unaweza, beba mashine yenyewe kwa fundi hapa mjini, ijaribiwe ukiwa umesimama pale.

SSD: kwanini naiweka mwisho

SSD ni nzuri, sibishi. Windows inawaka haraka, hadi diski ya kuzunguka inasoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde wakati SSD ya SATA inafika 500 na kitu. Mtu akiweka SSD anafurahi sana siku hiyo kwa sababu kila anachobonyeza kinafunguka. Halafu anafungua gemu aone, fremu zilezile. Ilikuwa inaenda 22 kwa sekunde, bado inaenda 22 kwa sekunde. SSD haichori picha, inaleta tu mafaili haraka, kwa hiyo inafupisha kusubiri na kwenye gemu za ramani kubwa kama GTA inapunguza ile kushtuka unapoendesha gari kasi na majengo yanachelewa kutokea. Basi.

Sasa mtu mwenye hela ya kitu kimoja, anayelalamika kwamba gemu inakatakata, ukimuuzia SSD hujamsaidia. Ila kama mashine hiyohiyo dada anaandikia ripoti za chuo mchana na wewe unacheza usiku, hapo nakubali SSD ipande iwe ya pili baada ya RAM, maana familia nzima itaifaidi.

Ukubwa nao uangalie. GTA V peke yake inataka zaidi ya GB 100, kwa hiyo SSD ya 120 umeweka Windows na imejaa. Ya 240 au 256 ndo ya kuanzia, na hadi diski ya zamani usiitupe, iache ndani ibebe muvi na gemu nyepesi. Hizi mashine zina nafasi na waya za diski ya pili, kama waya hamna ni kitu kidogo. Kwa SSD za mtumba mwambie muuzaji afungue CrystalDiskInfo, inaonyesha masaa iliyowashwa na afya yake.

Kadi ya grafiki, hapa ndo penye kazi

Kadi ndo inaleta fremu, hilo halina ubishi. Ila ndo kitu cha gharama kuliko vyote hapa, mara nyingine inazidi bei ya mashine nzima, na ndo inayokosewa zaidi. Kabla ya kulinganisha kadi na kadi, angalia vitu vitatu kwenye mashine yako.

Keisi kwanza. Mashine hizi zinakuja za keisi kubwa ya kusimama na za keisi ndogo ya kulala. Ile ndogo inakubali kadi fupi tu, zile za kimo cha nusu, na lazima zije na bati lake fupi la nyuma. Tena unene, kadi nyingi zenye feni zinachukua nafasi ya sloti mbili, na kwenye keisi ndogo jirani yake unakuta pawa saplai au waya. Chukua rula upime, piga picha ndani, ndo uanze kutafuta.

Pili ni umeme. Sloti ya PCIe (pale kadi inapochomekwa) kwa kawaida inatoa mpaka wati 75, kwa hiyo kadi za wati 75 kushuka chini hazihitaji waya wa ziada, na sisi tunatafuta hizo tu kwa sababu pawa saplai za mashine hizi hazina ule waya. OptiPlex 7010 ndogo ina pawa saplai ya wati 240, kubwa yake 275, EliteDesk 800 G1 ndogo ni 240 na ya kusimama 320. Na usifikirie utanunua pawa saplai kubwa ya dukani uchomeke tu, HP 800 G1 na Dell 9020 plagi zao kwenye madabodi (bodi kuu) ni za kwao wenyewe, ya kawaida haiingii bila waya wa kubadilishia. Baadhi ya keisi ndogo watengenezaji wenyewe wameandika sloti inatoa chini ya wati 75, kwa hiyo kitabu cha modeli yako kisome, kinapatikana bure kwenye tovuti zao.

Tatu monita. Monita nyingi za mtumba huku zina VGA tu, lile tundu la bluu. Kadi kuanzia kizazi cha GTX 1050 Ti na GT 1030 hazitoi VGA, utahitaji kibadilishio cha HDMI kwenda VGA, kinapatikana hata hapa mjini, ila kiweke kwenye hesabu mapema. Na ukishafunga kadi, waya wa monita uchomeke kwenye kadi! Usirudishe kwenye tundu la zamani la madabodi, nimeshaitwa kwa watu wakilalamika kadi mbovu kumbe waya uko palepale ulipokuwa.

Haya sasa kadi zenyewe. Nitatumia upana wa kumbukumbu (GB kwa sekunde) kama kipimo kimojawapo kwa sababu tayari tumeshautaja kwenye RAM.

GT 1030 ilitoka 2017, inakula wati 30 tu, nyembamba, nyingine hazina hata feni, inaingia kila keisi. Ila ziko mbili zenye jina hilohilo! Ya kumbukumbu aina ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde. Ya DDR4, iliyokuja 2018, inapitisha GB 16.8. Rudi juu uangalie, RAM yako mbili za DDR3 zinapitisha 25.6. Yaani mtu anatoa hela ananunua kadi ambayo kumbukumbu yake ni nyembamba kuliko RAM aliyonayo tayari. Sisemi haitaongeza kitu, prosesa ya kadi yenyewe ina nguvu kuliko HD 4600, ila kwa hela ile ni hasara na siipendekezi kwa mtu yeyote. Ukichukua GT 1030 hakikisha imeandikwa GDDR5.

GTX 750 Ti ni ya 2014, wati 60, kumbukumbu GB 2 na upana wa 86.4. Ya zamani lakini inaipita GT 1030 vizuri tu, na nyingi zake bado zina VGA au tundu la DVI la kubadilishika, kwa hiyo mwenye monita ya zamani hahangaiki. Shida ni mtumba tupu na za kimo kifupi ni chache. Kwa keisi ya kusimama na hela ya mawazo, hii naikubali.

GTX 1050 Ti, 2016, wati 75, GB 4, upana 112. Hii ndo imekuwa kadi ya watu kwa miaka mingi na inastahili sifa, EA FC 24 yenyewe imeiweka kama kiwango cha chini, GTA V unaicheza kwa 1080p (skrini ya 1920 kwa 1080) bila presha. Kuna za kimo kifupi pia.

GTX 1650 ni ya 2019, nayo wati 75 kwa zile zisizo na plagi ya ziada, GB 4, upana 128 kwa ya GDDR5. Inaipita 1050 Ti, sio kwa mbali sana, lakini kuna sababu nyingine ya kuipenda. NVIDIA, watengenezaji wa kadi hizi, walitangaza 2025 kwamba familia za 750 Ti, 1030 na 1050 Ti hazitapata tena draiva (programu inayoendesha kadi) mpya za gemu baada ya Oktoba mwaka huo, zitabaki na za usalama mpaka Oktoba 2028. Familia ya 1650 haimo kwenye hilo tangazo. Kama unacheza gemu za zamani hilo halikusumbui kabisa, PES 2017 haihitaji draiva ya jana. Ila kama lengo ni gemu zinazotoka sasa na bei ya 1650 imepishana kidogo na ya 1050 Ti, ongeza uchukue 1650. Angalia tu ziko 1650 zenye plagi ya waya wa umeme juu yake, hizo kwenye mashine zetu hazifai.

Mtu ataniuliza RX 6400 ya AMD. Ni ya 2022, wati 53, fupi na nyembamba, kwenye karatasi inavutia kuliko zote. Ila inatumia njia nne tu za PCIe, imetengenezwa kwa madabodi za PCIe 4, na zetu ni PCIe 3, kwa hiyo inapoteza nguvu yake, hasa kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa. Inafanya kazi, lakini hulipwi kile unachokilipia.

Kwa hiyo keisi ndogo: 1650 fupi kama inaingia na sloti yako inatoa wati 75, isipowezekana basi GT 1030 ya GDDR5. Keisi ya kusimama: 1650 au 1050 Ti, na hela ikibana 750 Ti. Halafu mwenye HD 4600 anayecheza PES 2017 na GTA San Andreas tu, wewe kadi huihitaji, weka RAM ya pili na ufurahi.

Kushusha setingi au kununua?

Hili ni la bure kwa hiyo lijaribu kabla ya yote. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta milioni 2 na kidogo, ya 1280 kwa 720 ina laki tisa na ishirini elfu hivi, kadi inachora chini ya nusu ya kazi. Vivuli vishushe kwanza, halafu nyasi na mwakisiko wa maji, picha za maumbo (textures) ziache katikati. Kwenye Windows weka mpango wa umeme wa utendaji wa juu, na zima zile programu zinazojiwasha zenyewe, hasa za kusasisha, maana zinakula diski na bando kwa pamoja. Programu za "kuongeza kasi ya gemu" unazoziona mtandaoni achana nazo, hamna zinachofanya ambacho wewe huwezi kufanya kwa Task Manager.

Au niuze ninunue nyingine?

Swali halali kabisa. Kama mashine yako ni keisi ndogo na unataka kadi ya maana, jumlisha kadi fupi (huwa ghali kuliko ndefu ya aina hiyohiyo), RAM na kibadilishio, halafu linganisha na kuuza hiyo na kuongeza hela upate keisi ya kusimama. Mara nyingi kubadilisha ni nafuu. Njia nyingine ni desktopu yenye Ryzen 5 2400G ya 2018, grafiki yake ya ndani inakaribiana na GT 1030 nzuri bila kununua kadi, mradi iwe na RAM mbili. Na mtu wa Valorant ajue kwamba kwenye Windows 11 gemu hiyo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 11 yenyewe rasmi inaanzia Intel kizazi cha nane, wakati Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Kwa gemu za namna hiyo i5 ya kizazi cha nne usiimwagie hela nyingi.

UPS na stabilaiza

Nataja kwa kifupi kwa sababu umeme unaorudi kwa kishindo unaua vitu vyote nilivyotaja hapo juu. Stabilaiza inasawazisha umeme ukipanda na kushuka, ukikatika na yenyewe inazima. UPS ina betri ndani, inakupa dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima kwa adabu, na nyingi zina usawazishaji ndani. Ya VA 650 inabeba kama wati 360 hivi, mashine ya wati 240 na monita inaziweza. Kati ya hizo mbili chukua UPS, hata ya mtumba yenye betri mpya.

Kabla hujatuma hela Dar

Kadi feki zipo nyingi, hasa za jina la 1050 Ti, ndani ni kadi ya zamani zaidi imebadilishwa jina. Mojawapo ya dalili ni tundu la VGA, ukiona 1050 Ti yenye VGA ogopa. Programu ya GPU-Z ni ya bure na inaandika neno FAKE mwanzoni mwa jina ikiigundua. Mimi ujumbe ninaomtumia muuzaji ni huu, uchukue kama ulivyo: "Habari kaka, naomba picha tatu za hiyo kadi: upande wa matundu ya waya, upande wa juu nione kama ina plagi ya umeme, na GPU-Z ikiwa imefunguka kwenye mashine, karatasi yenye tarehe ya leo iwe pembeni ya skrini. Pia niambie kimo chake kwa sentimita na kama bati fupi lipo. Ikifika Tabora nitaijaribu siku hiyohiyo nikitoka stendi, isipowaka unaipokea?" Anayejibu yote hayo bila kununa mnunulie, anayekwambia "kaka niamini tu" tafuta mwingine, Kariakoo wako wengi.